Nilisoma Tangazo kwa Sauti ya Redio

Tangazo lilibandikwa ukutani, ofisi ya kijiji, Likunja, na mama yangu alitaka nilisome mimi. Wengine waliojua kusoma walikuwepo. Lakini mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, na nilikuwa nimekuja kumtembelea kutoka Nachingwea, ambako nauza mitumba. Kabla ya hapo nilikaa Masasi, na kabla ya Masasi nilikuwa Tunduru. Kote huko nililikumbuka shamba la mama, mikorosho aliyoipanda kwa mikono yake na ile harufu ya mabibo yaliyolala chini yakachacha. Nikirudi, siku ya pili tu miguu inaanza kuwasha, nataka kuondoka tena.

Nikasoma: "Mtu yeyote mwenye maslahi katika ardhi iliyoorodheshwa hapo juu awasilishe pingamizi lake kwa maandishi kabla ya kumalizika kwa muda wa tangazo hili, vinginevyo taarifa zilizomo zitachukuliwa kuwa sahihi." Nilisoma bila kukwama, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Mama akawa anawaangalia wenzake usoni mmoja mmoja, waone mwanawe.

"Sasa wamesema nini?" bibi mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Si umesikia? Wamesema maslahi," akajibiwa.

Watu wakacheka. Nami nikacheka, badala ya kumjibu yule bibi.

Orodha ya mashamba ilikuwa juu ya maneno hayo. Mbele ya shamba la mama paliandikwa jina la mjomba, kaka yake mkubwa. Nililiona na sikushtuka. Kwetu Wamwera, mwanamke wa umri wake akiulizwa shamba ni la nani, anasema ni la kaka yangu. Ni heshima tu, na kijiji kizima kinajua nani analima na nani alipanda. Wapimaji wa ardhi walipopita walimuuliza mama, akajibu kama anavyojibu siku zote, nao wakaandika walichosikia. Kesho yake nilipanda gari nikarudi Nachingwea.

Wiki iliyofuata mama mmoja wa Ruponda alisimama mbele ya meza yangu akichagua mashati ya mjukuu. Alikuwa akimwambia mwenzake habari za shamba alilolipoteza. Wakati wa upimaji alimtaja kaka yake kuwa ndiye mwenye shamba. Kaka kafa, na wanawe wamekuja na karatasi.

"Hukusomewa tangazo?" nikamuuliza.

"Nilisomewa, baba. Vizuri kabisa."

Akaendelea kuchagua mashati. Mimi sikumbuki kama alinunua.

Nilifika Likunja siku ya Ijumaa, zikiwa zimebaki siku tatu tangazo limalizike. Mjomba alikuwa ametoka msikitini na alikuwa anakula kwa mama, kama alivyofanya kila Ijumaa tangu nikiwa mdogo. Nilimwambia mama kwamba lazima tuandike pingamizi.

"Mimi nimpinge kaka yangu?" akasema. "Kwa kosa gani?"

Mjomba akacheka. "Mpwa wangu, mitumba imekuchanganya. Shamba la dada ni la dada. Nani asiyejua?"

"Ofisini hawajui, mjomba. Taarifa zilizomo zitachukuliwa kuwa—"

"Acha hayo ya redio. Sema Kiswahili cha watu."

Nikatafuta namna ya kuzunguka, sikuipata. Nikasema, "Jina lililoandikwa ni lako. Siku ukifa, watakaoitwa ni wanao, siyo sisi. Wakitaka, wanamtoa mama."

Mama aliweka bakuli la mboga chini. "Unamzika kaka yangu na tonge liko mdomoni?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siku ile ilikuwa rahisi kusoma. Ndani ya maneno ya tangazo hakuna anayekufa, wala watoto wa mtu hawatajwi. Ukiyasema wazi, unamsema mtu aliyekaa mbele yako.

Mjomba alinawa mikono kabla hajashiba. "Wanangu wangemtoa?" akauliza, macho yakiwa kwenye maji. Kisha akachukua kofia yake akaondoka.

Asubuhi mimi na mama tulimkuta ofisini, ametangulia. Akaniambia niandike, nami nikaandika kama alivyosema: "Shamba hili ni la dada yangu. Mikorosho kapanda yeye. Nimeandikwa mimi kwa makosa. Liandikwe jina lake."

Karani akaguna. "Mzee, pingamizi haliandikwi hivi."

"Wewe soma. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi." Akachovya kidole gumba kwenye wino.

Hati ilitoka kwa jina la mama. Lakini wana wa mjomba walisikia kilichosemwa siku ile wakati wa kula, na nadhani yeye mwenyewe hakuacha kukisikia. Ijumaa zikawa zinapita, haji kula. Anamsalimia mama kutoka barabarani, anauliza hali, anaendelea na safari yake. Mama anapika vilevile na kumwekea chakula, akikifunika kwa sahani.

Mara ya mwisho nilipokwenda, mama alifungua pindo la kanga akatoa hati, akanipa nisome. Sikuisoma. Nilimwambia, "Shamba ni lako, mama. Hakuna wa kukutoa."

Akaitazama ile sahani. "Na yeye, nani atamweleza arudi kula?"

Nilikuwa nimekwishafunga mkoba, gari la Nachingwea linakaribia kuondoka. Nikauacha mlangoni, nikabeba chakula mpaka kwa mjomba. Alikuwa uani peke yake. Alifunua, akatazama.

"Kasema nini?"

"Kasema chakula chako kinapoa."

Akakifunika tena taratibu, akakiweka chini kando ya kiti. Nilikaa naye mpaka gari likaondoka, na sikumwona akila.