Dakika Kumi na Moja Juu ya Kisiki

Mpishi wa kambi ya msituni aliongea kwa dakika kumi na moja, kwa Kiiraqw, kwenye simu yangu, na mtu aliyeshikilia uhamisho wangu. Mimi wakati huo nilikuwa bondeni natazama kima.

Nirudi nyuma kidogo. Nafundisha shule ya msingi Hirbadaw, wilayani Hanang. Mwanangu wa miaka sita anaishi na mama yangu Muheza. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuja naye, baridi ikamshika kifua, nikamrudisha. Tangu hapo natafuta njia ya kumfuata.

Mtumishi asiyetaka kusubiri miaka hutafuta mwenzake wa kubadilishana naye kituo. Wangu nilimpata kwenye kundi la walimu la simu: mwalimu wa Muheza, mzaliwa wa Getanuwas, aliyetaka kurudi kwao kwa sababu alisikia mama yake anayeishi peke yake amedhoofika. Kwa wiki tatu alinijibu kwamba bado anatafakari. Mwishowe akaniahidi kwamba Jumamosi jioni atapiga, ndiyo au hapana.

Jumamosi hiyo ilinikuta likizoni. Mimi na rafiki yangu, muuguzi kutoka Mbeya, tulikuwa tumepanga tangu muhula unaanza kwenda kwenye kambi ya wageni iliyo ukingoni mwa msitu wa mlimani, upande wa Mbulu, mwendo wa pikipiki kutoka Nambis. Vibanda ni vya mbao. Chooni unamwaga maranda badala ya maji. Chupa za plastiki unaziacha getini. Ukungu unaingia mpaka chumbani, na miti imeota ndevu za kijani. Mtandao haupo, isipokuwa ukisimama juu ya kisiki kimoja nyuma ya jiko.

Ijumaa nilikipanda mara kumi na nne. Aliyehesabu ni rafiki yangu.

“Wenzako wanakuja kupumzika,” alisema, “wewe umekuja kulinda kisiki. Unadhani kitatoroka?”

Mpishi, mama wa makamo, alinitazama kupitia dirisha la jiko.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwalimu. Leo unatuhutubia kuhusu nini?”

Sikumweleza. Nilicheka, nikainua simu juu zaidi.

Jumamosi asubuhi mwongozaji wetu, mzee aliyevaa mabuti ya mpira, alikuwa tayari na fimbo yake. Rafiki yangu alikataa kwenda bila mimi. Nikajiambia kwamba yule mwalimu alisema jioni. Hata hivyo niliiweka simu juu ya kisiki, nikaifunika kwa kofia, nikamwomba mpishi apokee ikilia, aseme nitarudi saa saba.

Msitu ulikuwa mzuri, naamini. Kulikuwa na kijito, na matone yaliyoendelea kudondoka kwenye majani muda mrefu baada ya mvua kukatika. Mzee alisimama ghafla, akaelekeza fimbo juu.

“Mwalimu, kima yuko kule. Kwenye saa hayumo.”

Nikatazama juu. Nikaona mkia.

Tuliporudi, mpishi alitupokea njiani, mikono ina unga.

“Amepiga, mwalimu! Kumbe ni wa kwetu!”

“Amesemaje?”

“Tumesalimiana kwanza. Mimi si nimezaliwa Getanuwas? Mama yake namjua. Maskini, kijana ana hofu! Nimemtoa hofu yote.”

“Umemwambiaje?”

“Kwamba wiki iliyopita nilimkuta mama yake mnadani, ananunua mbuzi. Alibishana na muuzaji mpaka yule baba akaomba maji ya kunywa. Ana nguvu kuliko mimi.”

Rafiki yangu aliinama, akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

“Na habari ya kituo?” niliuliza.

“Kituo gani? Alicheka sana. Akasema, mwambie mwalimu haina shida.”

“Haina shida anakuja, au haina shida haji tena?”

Mpishi alifikiri, na niliona anafikiri kweli. “Alisema hivyo tu.”

Nilimwomba aniambie maneno yenyewe, kwa Kiiraqw. Akayasema taratibu, mara mbili. Nikamgeukia mzee.

“Ni haina shida,” mzee alithibitisha.

Ndipo nilipomweleza mpishi ninachosubiri. Akakaa kwenye ngazi ya jiko, mikono yake yenye unga mapajani. “Mwalimu,” alisema, “mbona jana ulicheka tu?” Alikuwa amemtuliza mtu mwenye wasiwasi juu ya mama yake, na yote aliyomwambia ni kweli.

Nilipanda kisiki. Simu ilikuwa imeingia saa nne na dakika tisa. Nilipiga mara sita, hapatikani. Nikaandika: “Ndugu mwalimu, ni ndiyo au hapana?” Ikaweka tiki moja.

Jumapili mchana tuliondoka. Tulipofika Nambis mtandao ukajaa, na ujumbe wa siku tatu ukaingia kwa pamoja. Mmoja ulitoka kwa mama yangu. Aliuliza kama amwandikishe mtoto darasa la kwanza pale jirani, au anisubiri. Nikafungua ule niliomwandikia yule mwalimu. Bado tiki moja.