Taa Zilizochanua Machoni mwa Mama

Fundi picha mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheka-Kidogo kwa jinsi alivyowaagiza wateja, alikuwa na studio katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake. Mama alikuwa mshonaji. Mtoto wa jicho alimtanda macho yote mawili, akawa anashona kwa kupapasa, mpaka alipofanyiwa upasuaji, jicho moja kwanza, kisha la pili.

Bandeji ya mwisho ilipotolewa, alimtazama mwanawe akaangua kicheko.

"We baba, umezeeka hivi lini, bila hata kuniambia?"

Nyumba nzima ilifurahi. Lakini jioni, taa ilipowashwa, mama aliikodolea macho kama mtu aliyekosa kitu.

"Zamani ilikuwa inachanua," akasema. "Sasa ni glopu tu."

"Inachanua vipi, mama?"

"Ningejua kueleza, si ningekueleza siku nyingi?"

Fundi akachukua kamera. Akavuta kipande cha soksi nyembamba ya kike mbele ya lenzi, akakifunga kwa mpira, akampiga picha mkewe aliyesimama chini ya taa. Mama akatikisa kichwa.

"Hapo umenitilia chandarua. Mimi sikuwa nimelala."

Fundi akapulizia lenzi pumzi ya moto, akapiga haraka. Ukungu ukayeyuka upesi, ila mama akasema, "Hapo unakaribia."

Basi akatwaa kioo cha kukinga lenzi, maana lenzi yenyewe haipakwi kitu, akakipaka mafuta ya mgando kwa ncha ya kidole. Katikati akapaacha peupe.

"Mimi sikuachiwa dirisha, baba. Paka kote."

Akapaka kote, utando mwembamba kama jasho la paji la uso. Akapiga.

Safari hii mama aliishika kamera kwa mikono miwili. Taa ilikuwa imefunguka ikawa ua kubwa la mwanga, na ndani yake mkwewe hakuwa na macho wala mdomo. Weupe wa gauni na weusi wa nywele viliyeyukiana tu.

"Ndipo hapa," akanong'ona. "Nilikuwa naishi humu."

Fundi akainama kuitazama tena picha ile. Humo ndimo mama alimotunga uzi kwenye sindano! Humo ndimo alimomimina chai bila kumwaga hata tone!

"Na mimi ulinijuaje?"

"Bega lako moja limeshuka, kwa mkoba wa kamera." Akamgusa bega hilo. "Halafu ulikuwa unang'aa, mwanangu. Kila ulipoingia mlangoni, ulikuwa unang'aa."

Fundi akaketi sakafuni, miguuni pa mama.

Picha ile ilikuzwa ikatundikwa studio, na maharusi wakataka za namna hiyo. Sasa anayepaka kioo ni mama mwenyewe. Juzi bibi harusi mmoja aliiona picha yake akashika kifua, akauliza mwanga ule umetoka wapi.

"Kabatini," mama akajibu, huku akiendesha cherehani. "Kwenye kopo la mafuta."