Sauti ya Saba

Niliijua ile pedali ya kinanda kabla mama mjane hajaifungua kutoka kwenye kitenge, mezani pangu pa ufundi. Mumewe, mpiga kinanda wa kwaya yetu ya Katoyi, hapa Goma, aliibeba kichwani siku volkeno ilipotufukuza kuelekea Sake. Wenzake walibeba magodoro. Tulimcheka njia nzima, naye akatucheka zaidi.

Ni ubao wa chuma wa zamani wenye vitufe vya kukanyaga. Unaulaza sakafuni, waya wa MIDI unauunganisha na kinanda, na kila kitufe kinaita sauti yake bila mpigaji kuinua mikono. Sauti sita tulizijua, za nyimbo za Misa. Ya saba aliipangia wimbo mpya, juma lile waasi waliposhuka kuelekea mji. Kesho yake akaenda kijiji cha Kibati kumtoa mama yake mzazi, barabara ikafungwa nyuma yake. Hakurudi, wala mwili wake haukuonekana.

Mwaka ukapita.

"Papa, samedi tunamaliza matanga," mjane akaniambia, Jumamosi ikikaribia. "Ile ya saba hakuna mutu aliisikia. Nataka niisikie siku ile, kisha njo nivue nguo nyeusi."

Nilipoifungua nilikuta majivu ya volkeno ndani. Vitufe sita vilikuwa vimelika, maana yule bwana alivikanyaga miguu peku. Cha saba kilikuwa bado kipya.

Kumbukumbu ya pedali hizo inashikiliwa na betri ndogo, na hiyo ilikuwa inakata roho. Ukiitoa bila umeme mwingine, kila kitu kinafutika. Kwa kawaida naunga betri ya pili kando kwanza. Siku hiyo sikuwa nayo, na umeme wa mtaa haukuwa umekatika wiki nzima. Mtu wa Goma, kuamini umeme! Nilichomeka pedali ukutani, nikayeyusha risasi iliyoishika betri, nikaitoa. Taa ikazimika: umeme wa mtaa ulikuwa umekatika, na sauti zote saba zilikuwa zimefutika.

Nilikaa na ile betri kiganjani, nikijitukana kwa lugha zote ninazozijua. Ningeweza kuikanyaga ya saba kwanza, nikaisikia, nikaandika namba yake kwenye kinanda. Sikufanya hivyo kwa sababu nilitaka mama awe wa kwanza. Heshima yangu ndiyo iliyomfuta mumewe.

Zile sita nilizirudisha kwa masikio. Kwa ya saba nilijaribu filimbi, nikajaribu kengele, na kila mara nilihisi mtu amesimama nyuma yangu akisema siyo. Kumdanganya mama kulikuwa rahisi; nani angejua? Niliogopa. Nikaenda kwake, nikamweleza yote.

Aliendelea kuchambua maharage.

"Mwili yake hatukuiona," akasema. "Na hii pia hatutaisikia. Basi ile ya saba iache vile iko, papa. Usiweke kitu."

Jumamosi ya matanga mpigaji mpya akazipiga zote sita, wimbo baada ya wimbo. Kisha akakanyaga kitufe cha saba kisicho na sauti, akainua mikono kama tulivyopatana. Kwaya ikanyamaza. Nilidhani watu watainamisha vichwa kusali. Hapana: mama aligeuka kutazama mlango kama anayemsubiri mtu aingie, na wote wakageuka naye. Na mimi, niliyeitoa ile betri kwa mkono wangu mwenyewe, niligeuka pia.