Mwalimu Sifuri

Wanafunzi walimwita Mwalimu Sifuri, kwa sababu kila mwaka aliandika ubaoni kwamba kwenye ombwe, mahali patupu kabisa, chaji ni sifuri na mkondo wa umeme ni sifuri, na bado mawimbi ya redio hupita. Hayo alimfundisha pia binti yake nyumbani, wakimenya viazi.

Binti akawa mhandisi wa setilaiti. Kwenye televisheni aliulizwa nani alimfundisha.

“Nilijisomea tu,” alijibu akicheka.

“Mzee wangu, atakuwa amepitiwa,” mke wa mwalimu alisema.

Mwalimu alizima televisheni. Binti alipopiga simu kuuliza kama wamemwona, alimwambia, “Tumekuona, mwanangu. Hongera,” akampa mkewe simu. Tangu siku hiyo hakumuuliza tena binti yake habari za kazi.