Nilivyokuwa Mtoa Noti wa Kwaya ya Shule

Nyie wadogo zangu wa kidato cha kwanza, kaeni vizuri, mstaafu anaongea. Nina miaka kumi na saba na kazi nimeshaiacha.

Siku ya kwanza kazini, Mwalimu wa Muziki alinikabidhi kinanda chenye vitufe viwili vibovu. "Wewe ndiye mtoa noti," akasema. "Kazi yako ni kuwapa sauti ya kuanzia. Ukikosea wewe, wamekosea arobaini." Nikajiona meneja.

Enzi hizo kila mtu aliimba kivyake. Neema, kiongozi wa sauti ya pili, alikuwa na sauti nzito ya kukwaruza, ya kurithi kwa bibi yake aliyemlea hapa kijijini Mwamkulu. Tulimwita Trekta. Akianza, madirisha yanaitika.

Kisha duka la jirani likaweka runinga, na kila Jumamosi mchana tukajazana kutazama shindano la kuimba. Washiriki wote sauti nyembamba, ya kutetemeka, macho wamefumba; wakimaliza wanageukia majaji, wanatabasamu, wanasubiri alama. Jumatatu Mwenyekiti wa Kwaya akaniamuru: "Pandisha noti, mzee. Tusiimbe kama wazee wa jumuiya." Nikapandisha. Tukacheka sana.

Wiki ya tano sikucheka. Nilifumba macho mazoezini nikashindwa kujua nani ni nani. Wasichana ishirini, koo moja. Wimbo ulipoisha, wote wakageukia ukuta mtupu, wakitabasamu, wakisubiri.

"Wanamwangalia nani?" Mwalimu akaninong'oneza.

Nilitaka kumjibu, nikakuta na mimi nimegeuka.

Wastaafu wengine hutaja mafanikio. Mimi nataja noti moja niliyoipandisha kwa kicheko, maana ndiyo iliyonistaafisha. Jioni ya siku hiyohiyo ya mazoezi, wanakwaya wachache tulikwenda kwa bibi yake Neema. Alishapofuka macho zamani, na sasa alikuwa hoi kitandani. Aliomba kitu kimoja tu: mjukuu wake amwimbie wimbo wa kuvunia mahindi aliomfundisha. Nikampa Neema noti ya zamani, ya chini. Akafungua mdomo. Ikatoka ile nyembamba.

"Shusha, Trekta," nikamnong'oneza. Jasho likamtoka. Ikapanda zaidi.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Ahsante, binti. Umeimba kama redio. Sasa niitieni Neema."

"Bibi, ni mimi."

"Usinitanie, mwanangu. Neema namjua sauti yake. Mwambieni awahi."

Neema akainuka, akatoka nje bila kututazama, akasimama pembeni ya mihogo.

"Neema!" akaita, kwa ile sauti nzuri ya kutetemeka. "Neema wee!"

Akatega sikio. Akaita tena.