Nusu ya Tumbako

Ukiamini, ukikataa, shauri yako. Mimi nilikuwa ndani ya basi lile, macho wazi, wala sikuwa na homa.

Nilikuwa napeleka Kitale samaki wakavu wa Lowarengak. Tulitoka Lodwar asubuhi, na tulipoanza kupanda milima ya Kamatira, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Kando yangu alikaa mwanamke mwenye shanga za kijani hadi kidevuni. Akanisalimu, "Ejok," akaomba tumbako. Kwetu Turkana mtu hanyimwi tumbako, hata usiyempenda, na huyu sikumpenda: alikuwa mzuri mno. Nikampa kipande. Akakivunja, akatia nusu mdomoni, nusu akanirudishia.

"Hii ni ya Ekal," akasema. "Mwambie miguu ilipona."

Ekal ni mume wangu. Nani alimtajia jina hilo? Nikageuka kufunga dirisha, maana baridi ilinipiga ghafla. Kutazama tena, kiti kitupu. Basi halikusimama, naapa. Kondakta akasema kiti kile hakikukaliwa na mtu tangu Lodwar.

Sasa ujue, Ekal aliwahi kuoa kabla yangu. Mke huyo, Akiru, amezikwa Kakuma. Mimi sikuwahi kumwona. Alikufa miguu imevimba, na mpaka leo Ekal humwota akiililia miguu hiyo. Alikuwa akienda kumwekea tumbako juu ya mawe ya kaburi, nami nabaki nyumbani na wivu wangu. Kumwonea wivu maiti, hebu fikiria! Hazeeki, haunguzi chakula, hakosei.

Niliporudi nikamsimulia Ekal, nikidhani ataogopa, anikumbatie. Akainusa ile nusu ya tumbako.

"Kwa nini ajitokeze kwako, si kwangu?" akauliza.

Mwanamume mzima ananionea wivu, kwa ajili ya marehemu mkewe!

Siku hizi haendi Kakuma. Hupanda basi la Kitale, hulipia viti viwili, cha kando anakiacha wazi. Akirudi bila kumwona, ananinunia. Kisha maswali: alicheka? Shanga zilikuwa ngapi? Mimi nimevaa nini, hajawahi kuuliza.

Kwa hiyo wewe unayeolewa na mwanamume aliyefiwa, ukimkuta mke mwenzako mlimani, mpe tumbako, kisha ufunge mdomo. Mimi niliropoka, yakanifika. Lakini habari ya miguu sikumwambia Ekal, na sitamwambia. Usiku akishtuka akilitaja jina la Akiru, mimi hugeukia ukutani.