Bi Pua na Sufuria ya Samli

Walimwita Bi Pua kwa kumsifu. Akiwa mlangoni kwake aliweza kusema chakula cha jirani gani kinaungua, na kama ni maharage au nyama. Kwa miaka kumi na sita aliyeyusha siagi kuwa samli kwa kutegemea pua hiyo. Harufu ya maziwa moto ikigeuka kuwa ya karanga za kukaanga, aliepua. Saa hakutazama.

Kisha akashikwa na mafua makali. Yalipoisha yakaondoka na harufu zote. Alinusa kitunguu, mafuta ya taa, hata kwapa lake; hola. Hakumwambia mtu. Sufuria mbili za samli zikaungua. Ya tatu, kwa woga, akaiepua mapema, maji ya siagi hayajakauka, akampelekea mpishi wa mkahawa, mteja pekee aliyembakia.

Wiki haikuisha, mpishi akabisha hodi, chupa mkononi.

"Karibu kaka. Leo umekuja mwenyewe?"

"Nimeletwa na malalamiko, dada." Alifungua chupa, akamsogezea. "Hebu nusa."

Bi Pua alivuta pumzi ndefu. Rangi ilikuwa nzuri. "Inanukia," alisema. "Kaangia vitunguu tu, mtaa mzima utakuja na sahani."

Mpishi alifunga chupa. "Imechacha, dada. Hata paka wa jikoni kaihama. Pua imepotea tangu lini?"

Bi Pua alikaa kwenye ndoo. "Tangu mafua."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema, nani angenunua? Kazi nyingine siijui, kaka."

Mpishi alishusha sauti. "Samli yako ndiyo inayonibeba. Kwenye moto mkali haiungui haraka kama siagi, wali haugandamani, kijiko kimoja kwenye dengu kinatosha, na chupa inakaa mwezi bila friji. Lakini tajiri wangu anataka tuchukue ya kiwandani kuanzia leo."

"Niachie nijaribu sufuria moja."

"Moja tu. Nami niko hapahapa."

Bi Pua aliwasha jiko. Siagi iliyeyuka, ikafanya povu, ikaanza kutatarika. Kwa mazoea aliinamia mvuke. Hakuna kitu. Akainama tena, machozi yakimdondoka pembeni, akaona aibu. Kuepua aliogopa, kungoja aliogopa.

Mpishi naye alikuwa kimya, na katika ukimya huo Bi Pua akasikia jambo ambalo miaka yote lilifunikwa na soga zake: ule mtatariko ulikuwa sauti ya maji yakitoka. Ukapungua. Ukawa wa hapa na pale. Alifumba macho. Ulipokoma kabisa alifumbua, akaona mashapo chini yamekuwa kahawia hafifu. Akaepua, akachuja kwa kitambaa.

Mpishi alichovya mkate, akatafuna taratibu mno.

"Sema basi, kaka."

"Hii naichukua. Nyingine zote nitazionja humuhumu kabla hazijatoka. Moja ikiharibika, usinitafute."

Alipoondoka, Bi Pua alitia mdomoni mkate uliobaki. Alihisi ulaini tu, ladha hakuipata. Akaosha sufuria, akafunga mlango na madirisha yote ili kelele za mtaani zisiingie, akabandika siagi nyingine.